Kumpiga Picha Kifutu

Enzi za ruksa, shirika la umma nililokuwa nikifanyia kazi mjini Dodoma lilianza kufa taratibu, na sisi wa kitengo cha picha tukawa wa kwanza kupunguzwa. Nilipewa mkono wa kwaheri na barua iliyojaa shukrani. Kamera ilikuwa yangu mwenyewe, ya Kirusi, nzito kama tofali, kwa hiyo sikukaa nyumbani kulia. Nilipanga chumba cha mbele Chang'ombe, nikamwita fundi anichoree ukutani maporomoko ya maji na ndege inayopaa, nikaandika mlangoni kwamba picha za paspoti zapatikana hapa. Walikuja wanafunzi, makarani wa Bunge, na maharusi waliotaka kusimama mbele ya maporomoko ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona. Wote niliwaambia maneno yale yale: kidevu juu kidogo, angalia hapa, acha kucheka. Kazi ya studio ni mtu aonekane. Mteja asiyeonekana vizuri anakurudishia picha mezani, na mimi ulimi wangu si mfupi, tungegombana kila siku.

Nasema haya ili ieleweke kwamba nyoka hakuwa katika mipango yangu. Nyoka namwogopa hata akiwa amechorwa kwenye kopo la dawa.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akiishi kijijini karibu na Gulwe, mwendo mfupi kutoka kwenye reli. Ndiye aliyenilea miaka yangu ya shule, na huo ulimi nimeurithi kwake. Alikuwa mjane, akilima uwele na karanga, akifuga kuku, hakopeshi wala hakopi. Mwaka huo, mvua zilipokwisha, mama mmoja muuza kuku aliyekuja sokoni kwa treni alipita studio kwangu, akakataa kiti, akaniambia nimwahi shangazi kabla wenzake hawajamtoa kijijini.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wanawake wanne walikuwa wakienda kisimani asubuhi, kwa mstari, kwenye njia inayopita ubavuni mwa boma la shangazi. Watatu walipita salama. Wa nne, mkamwana wa jirani yake, akaumwa na nyoka mguuni. Alikuwa na mimba kubwa. Walimkimbiza hospitali ya wilaya kwa lori la mkaa, akapona, lakini mimba ilitoka. Wanaume walikuja na fimbo wakapekua njia nzima wasione kitu. Watu wakaanza kuuliza: nyoka gani huyu anayeacha watatu wapite na kumchagua wa nne, mahali peupe, mchana, kisha hana mwili? Jibu walikuwa nalo tayari. Wiki chache kabla ya hapo mbuzi wa jirani walikula kunde za shangazi, na shangazi, mbele ya watu wazima na watoto, akasema iko siku mtajuta.

Nani asiyewahi kusema maneno hayo? Mimi huyasema kila mwisho wa mwezi. Lakini shangazi alikuwa mzee, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni, na hayo matatu kwetu yametosha kumwangamiza mtu.

Nilifunga studio nikapanda treni. Nilimkuta anapepeta uwele kama vile hakuna lililotokea. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akanipa ungo wa pili. Nilijua mambo yalivyo kwa kukaa pale siku moja tu. Akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna aliyekuja kuomba moto, na tulipofika kisimani wanawake walinyamaza, wakajaza ndoo nusu na kuondoka. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema anayeogopa ugomvi kuliko njaa, alikuwa amesema jambo litazungumzwa kwenye mkutano uwele wote ukishavunwa. Upande wa jirani walitaka kitu kimoja: shangazi ahame. Nilimsihi aje Chang'ombe, nina chumba. Aliendelea kupepeta.

"Nikiondoka mimi, jina langu linabaki hapa," alisema. "Na watu watalifanya watakavyo."

Sikurudia tena kumsihi. Nililia kidogo nyuma ya nyumba, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana nilijua hana kosa na sikujua kitu cha kuwaambia watu ambacho wangekisikia.

Kuku ndio walioanza. Siku ya pili, jua limesimama kichwani, majike ya shangazi yalinyoosha shingo yote pamoja pembeni mwa ile ile njia na kupiga kelele moja ya kukatika-katika, yakitazama chini. Shangazi akasema wameona nyoka. Nilisogea kwa mbali. Niliona mchanga, majani makavu ya mgunga, mzizi uliotokeza, kinyesi cha mbuzi. Nikamwambia kuku wake wana wazimu. Shangazi alisema kuku hawana muda wa wazimu, nikae nitazame. Nilileta kigoda nikakaa hatua kadhaa kutoka pale, nikatazama mpaka macho yakaanza kutoa machozi. Kisha kipande kimoja cha yale majani kikapumua.

Alikuwa kifutu. Amejikunja pembeni kabisa mwa njia, mnene, mfupi, na mgongo wake una alama za kahawia na njano iliyofifia zilizopangwa kama majani yaliyoanguka yenyewe. Nilipopepesa macho alipotea. Ilinibidi nimtafute upya kuanzia kwenye mzizi. Asubuhi ile nilikuwa nimepita pale na ndoo, kwenda na kurudi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kifutu hakimbii kama nyoka wengine. Watu wakija, yeye anatulia, anategemea kutoonekana, na kwa kawaida haonekani. Anayemkanyaga ndiye anayeumwa, awe wa kwanza au wa nne. Wale watatu hawakusamehewa na mtu, walimkosa tu kwa upana wa kidole. Na mimi nilikuwa na kamera ndani.

Picha ya kwanza nilipiga nimesimama, kwa kimo cha mtu anayetembea, njia yote ikiwa ndani na yeye pembeni. Nilipiga kadhaa za namna hiyo. Lakini nilitaka na za karibu, za jicho, ili atakayebisha nimshike. Lenzi yangu haikubali kitu kilicho karibu, ila nilikuwa na pete za kuongezea, zile ninazotumia studio kunakili picha kuukuu za marehemu ambazo ndugu huleta zikiwa na ukubwa wa stempu. Ukizifunga pete hizo, kamera inataka iwe karibu na kitu kama uso wa mama na wa mtoto anayenyonya. Sikuwa tayari kunyonyesha kifutu. Kwa hiyo nilipima kwanza kwa jiwe: nilitafuta umbali ambao jiwe linaonekana kali, nikakata uzi wa urefu huo, nikaufunga mwisho mmoja kwenye lenzi, nikamwagiza shangazi aufunge mwingine kwenye ncha ya bua refu la uwele. Nikaikunjua miguu ya stendi ya kamera mpaka ikalala karibu na ardhi, nikaisukuma mbele polepole kwa mpini wa jembe, huku shangazi akiunyoosha uzi mbele kwa bua. Uzi ulipokaribia kumgusa, nilisimamisha, nikarudi nyuma hadi mwisho wa waya wa kufyatulia, nikafyatua.

Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata mbele ya maporomoko yangu ya rangi. Alikuwa na mstari mweusi unaoshuka kutoka kwenye jicho, safi kama uliochorwa na fundi mwenye subira. Magamba yake yalikuwa na mgongo mdogo katikati kama majani yalivyo na mshipa. Sikumpenda, tusidanganyane, lakini sikuweza tena kumchukia. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anasubiri panya.

Nilimsogelea mara moja zaidi ya ilivyonipasa. Alijaza upepo mwilini, akaupuliza kama tairi linalotolewa hewa, akaanza kuvuka njia polepole, wazi kabisa juu ya mchanga. Vijana wawili waliokuwa wakitoka shambani walimwona kutoka mbali na kumuua kwa fimbo kabla sijasema neno. Wakafurahi. Wakamnyoosha juu ya gunia jeupe, wakasimama kushoto na kulia, fimbo begani, na kuniomba niwapige picha. Kidevu juu kidogo, niliwaambia, kwa mazoea. Ilikuwa picha ya mwisho katika mkanda.

Nilirudi Dodoma nikiwa na imani kubwa. Siku hizo mjini palikuwa pamefunguliwa duka lenye mashine mpya ya kusafisha picha za rangi, hatukuhitaji tena kuagiza mikanda Dar es Salaam na kusubiri. Niliukabidhi mkanda, na kwa kuwa nilikuwa na arusi Makutupora ambayo sikuweza kuikimbia, nilipanga bahasha ichukuliwe dukani na yule mama muuza kuku, aipeleke moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilimweleza vizuri mama yule: waambie watafute nyoka, wakishindwa kumwona, basi hata aliyeumwa hakuweza kumwona.

Aliporudi hakupita kwangu. Nilimfuata mwenyewe sokoni. Alikuwa anaona haya kunitazama. Katika bahasha mlikuwa na picha moja tu, akasema, ile ya vijana na gunia. Mwenyekiti aliwaita watu, na ikapita mikono yote. Nyoka mnene kama mchi, rangi zake zinawaka juu ya gunia jeupe. Mama mkwe wa yule binti aliyeumwa aliinua picha juu, akasema mwenye macho haambiwi tazama, na huyu hata kipofu angemwona. Na tena ameuawa mlangoni kwa nani? Waliokuwa bado wanasitasita waliacha kusita. Sasa mkutano ulikuwa ni wa kuagana tu, na ulikuwa wa Jumamosi inayofuata.

Nilikwenda mbio dukani kwenye mashine, hasira zimenijaa. Kijana wa mashine alikuwa mpole, na hilo lilinikera zaidi. Alinifafanulia kwamba hawasafishi picha zilizoharibika, ni huduma kwa mteja, asilipie hasara. Akanitolea negativu, akanionyesha dhidi ya mwanga: hizi zote, mama, ulifyatua kwa bahati mbaya, umepiga chini, hamna kitu. Nilifungua kinywa nimpe yote niliyoyabeba tangu Chang'ombe, kisha nikafunga. Aliyesema hamna kitu alikuwa mtu ambaye kazi yake kutwa nzima ni kutazama picha. Nilimwomba azisafishe zote, na ile ya njia aikuze hadi mashine yake ikatae. Alinionea huruma waziwazi, kama unavyomhurumia mjane anayezungumza peke yake. Nilipomwonyesha jicho, baadaye, aliruka na kiti chake.

Ijumaa nilishuka Gulwe. Sikwenda kwa mwenyekiti, wala kwa shangazi. Nilikwenda kwa yule binti mwenyewe. Niseme kweli, sikwenda kwa wema. Nilitaka kumbana, kumwonyesha ni nani hasa aliyemuuma, na kumuuliza kama anaweza kulala usiku huku mzee wa watu anafukuzwa kwa ajili yake.

Nilimkuta peke yake kivulini ukutani, mguu umeinuliwa juu ya mchi uliolazwa, bado umevimba, ngozi imeiva na kuchunika kuanzia kwenye kifundo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Alinisalimu shikamoo kwa sauti ya mtu anayetarajia kugombezwa. Nikampa picha kubwa na kumuuliza anaona nini. Alisema anaona njia ya kisimani. Nikamwambia atafute. Alitafuta, kidole kikitembea juu ya karatasi, jani kwa jani. Nilingoja. Mwishowe nilimpa ile ya karibu, ya jicho, akatazama moja, akatazama nyingine, na kidole kikarudi pembeni mwa njia kikasimama. Akaweka picha zote mbili mapajani, uso chini.

"Nilikuwa natazama chini, dada," alisema. "Tangu nipate ile mimba, nilikuwa natazama chini kila hatua."

Ndipo akanieleza, taratibu, bila kulia. Kule hospitali, neno la kwanza aliloambiwa na mama mkwe ni kwamba ameua mtoto kwa kutembea kama asiye na macho. Mume hakusema kitu, na kimya chake kilimuuma kuliko neno. Angekuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Siku zilivyopita, watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi, na mama mkwe akageuza hasira yake upande wa shangazi. Binti hakuwahi kusema kwamba ni shangazi. Lakini hakukataa, maana tangu waseme ni uchawi, waliacha kusema ni yeye.

"Waliposema ni bibi yule, nilipumua," alisema. "Mungu anisamehe, nilipumua."

Yale maneno niliyokuja nayo sikuyaona tena yalipokwenda. Nilikaa chini karibu na mguu wake. Nilimwambia kwamba kijana wa mashine, mwenye macho mawili na miwani juu, hakumwona. Nilimwambia mimi mwenyewe nilipita pale na ndoo mara mbili. Nilimwambia hakuwa na kosa, na nikalirudia, kwa sababu nilimwona anavyolisikiliza. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumwachia ile picha kubwa hadi kesho. Shangazi alikuwa na usiku mmoja tu, na picha ile ndiyo silaha pekee niliyokuwa nayo. Nilimwachia. Usiku huo shangazi aliniuliza iko wapi, nikamwambia, na hakunilaumu. Alifunga nguo zake kwenye khanga mbili, kwa lolote litakalokuja, akalala. Mimi sikulala.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la ushirika, ambalo miaka ile lilikuwa tupu na popo wamehamia. Wazee walikaa kwenye benchi, wengine wakasimama. Shangazi alikaa chini peke yake, amenyoosha miguu, mgongo wima. Mwenyekiti alianza kwa salamu ndefu ili kuchelewesha yale yanayofuata. Kabla hajamaliza, watu walipisha njia. Yule binti alikuwa anakuja kwa fimbo, hatua kwa hatua, mume akimshika kiwiko, jasho linamtiririka. Hakwenda kwa mwenyekiti. Alikwenda alikosimama mama mkwe wake na kumpa picha kwa mikono miwili, kama mkamwana anavyompa mkwewe maji.

"Mama, nyoka aliyeniuma yumo humu," alisema. "Nionyeshe."

Mama mkwe aliisogeza picha karibu, akaipeleka mbali. Akaigeuza juu chini. Wanawake wawili waliinama juu ya bega lake, na wazee wakanyanyuka kwenye benchi. Nilisikia mmoja akisema hapa hamna nyoka, hii ni njia tu. Mama mkwe alisema vivyo hivyo: huu ni mzizi, haya ni majani, hii ni njia, nyoka yuko wapi? Alikuwa ameanza kukasirika. Aliishika picha kwa nguvu zaidi na kuitazama tena, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimekandamiza pembeni mwa njia.

Binti aliushika mkono ule taratibu, bila kuutoa.

"Hapo kilipo kidole chako, mama. Umeshamkanyaga."

Aliinua kidole. Picha ilianguka mavumbini, naye akarudi nyuma hatua mbili akijifutia mkono kwenye khanga. Aliyeiokota aliona, akamwonyesha mwenzake, na picha ikaanza kupita mikononi, lakini safari hii hakuna aliyeiinua juu. Kila mmoja aliitazama kisha akatazama ardhi aliyosimama. Mama mkwe hakuitazama tena. Alikuwa anautazama mguu wa mkamwana wake, kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Na mimi nilikuambia huna macho," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba walio nyuma waliuliza amesema nini.

Mwenyekiti alijikohoza, akamgeukia shangazi, akamuuliza kama bibi ana neno. Nilishika kichwa. Shangazi yangu hajawahi kukosa neno, na siku hiyo alikuwa na haki ya kusema yote. Alimtazama yule binti aliyekuwa anatetemeka juu ya fimbo.

"Mpeni kiti huyu," alisema. "Mguu unamuuma."

Aliyekimbia kukileta alikuwa mama mkwe.